Ligamenti ikikatika mara ya pili, upimwe mfupa kwanza

Mchezaji aliyewekewa ligamenti mpya ya goti akiirarua tena, maelezo huwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Alirudi uwanjani kabla ya wakati. Alitua vibaya. Daktari wa kwanza alitoboa tundu la kupitishia ligamenti kwenye mfupa mahali pasipo pake. Mara nyingi mojawapo ni kweli, na pengine yote matatu kwa pamoja. Linalosahaulika ni la nne: huenda ligamenti ile ilipandikizwa ndani ya mguu ambao umbo la mifupa yake lilikuwa likiivuta kila hatua, tangu siku mgonjwa alipoweka magongo kando.

Ninachoshikilia ni hiki: kabla ya ACL kuwekwa mara ya pili, mfupa upimwe kwa kila mgonjwa bila kubagua. Kuukata ili kurekebisha umbo lake ni habari nyingine. Hapo wanaostahili ni wachache, na siku hizi naona msumeno umeanza kuutangulia ushahidi.

Kwa asiyeifahamu, ACL ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ukanda mfupi ulioko katikati ya goti, unaotoka upande wa nyuma wa mfupa wa paja na kushuka kwenda mbele kwenye mfupa wa muundi. Kazi yake kubwa ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na kulituliza goti mtu anapogeuka ghafla. Sasa, uso wa juu wa mfupa wa muundi, pale paja linapokalia, haukulala bapa. Umeinamia nyuma. Kwa watu wengi mwinamo huo uko kati ya nyuzi 5 na 10. Kwa wengine unafika 12, 14, hata zaidi, bila wenyewe kujua wala kuumwa chochote. Uzito wa mwili unapokandamiza goti, mfupa wa paja hutaka kuteleza nyuma kuufuata mteremko, maana yake muundi unasukumwa mbele. Ni mkokoteni wenye shehena ulioachwa kilimani ukiwa umefungwa kamba: kilima kikizidi kusimama, kamba inazidi kukazwa, na anayebadilisha kamba peke yake hajakipunguza kilima.

Haya si mawazo ya jana. Henri Dejour na Michel Bonnin, madaktari wa Lyon nchini Ufaransa, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1994. Waliwapiga watu picha wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, wakakuta kwamba kila mteremko unapozidi kwa nyuzi 10, muundi husogea mbele milimita 6 zaidi. Na haikuwa kwa magoti yaliyokatika ligamenti tu; goti lisilo na jeraha nalo lilifanya vivyo hivyo. Wakati huo matibabu ya ACL yalikuwa yakikimbilia kamera za kuingizwa ndani ya goti na mijadala ya kano gani lichukuliwe kutengenezea ligamenti mpya, la mbele ya goti au la nyuma ya paja. Mteremko ukabaki jambo la watu wa Lyon.

Na la madaktari wa mbwa. Sehemu hii ya historia hainichoshi. Barclay Slocum, daktari wa wanyama wa Oregon nchini Marekani, alieleza mwaka 1984 namna ya kupunguza mteremko kwa kuondoa kabari, yaani kipande cha mfupa chenye ncha nyembamba, mbele ya muundi wa mbwa aliyekatika ligamenti hiyohiyo. Mwaka 1993 akaja na njia nyingine: sehemu ya juu ya mfupa inakatwa kwa msumeno wa mviringo, inazungushwa mpaka mteremko ukaribie nyuzi 5, inafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Ligamenti yenyewe hairudishwi kabisa. Mbwa anapona, anakimbia, na upasuaji huo umekuwa wa kawaida kwa wanyama hao. Bila shaka mbwa si mtu. Yeye husimama goti likiwa limekunjwa muda wote, mteremko wake kwa asili ni mkali kuliko wetu, na ligamenti yake aghalabu huchakaa polepole badala ya kukatika kwa kishindo. Lakini kanuni ya nguvu ni ileile, na inashangaza kidogo kwamba kwa miaka mingi mbwa mwenye goti legevu alikuwa na nafasi kubwa ya kupimwa mteremko kuliko mchezaji wa kulipwa.

Kilichowaamsha wengi ni takwimu za Sydney, Australia. Watafiti wa huko walifuatilia kundi la wagonjwa 200 waliopandikizwa ACL, na ripoti yao ya miaka 15, iliyotoka 2013, ikasema kwamba wenye mteremko wa nyuzi 12 au zaidi walikuwa na uwezekano mara 5 wa kuumia tena, kiasi kwamba 59% yao waliumia. Mwaka 2018 ikaja ripoti ya miaka 20. Vijana waliokuwa na umri mdogo walipopasuliwa, na ambao mteremko wao ulifika nyuzi 12, ni 22% tu waliobaki na ligamenti ile nzima. Kundi hilo la vijana lilikuwa dogo, kwa hiyo asilimia zake zisichukuliwe kama amri. Hata hivyo si tarakimu ya kupita ukaiacha.

Kuna jambo ndani ya ile ripoti ya 2013 ambalo wanaoinukuu huliruka. Hesabu ya kuumia tena ilijumuisha goti la upande wa pili, lile ambalo halikuwahi kuguswa. Wakosoaji husema hilo linaichafua hesabu, maana tulitaka kujua habari za pandikizi tu. Mimi nalisoma kinyume. Goti la pili halikuwa na tundu lililotobolewa vibaya wala kano lililofungwa kwa ulegevu. Lilichokuwa nacho ni mfupa unaofanana na wa mwenzake. Likikatika nalo, mzigo wa lawama unahama kutoka kwa daktari wa kwanza kwenda kwenye umbo.

Tusimsafishe daktari wa kwanza kupita kiasi, lakini. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada unaojulikana kama MARS, uliokusanya wagonjwa 1,205 wa upasuaji wa kurudia kutoka kwa madaktari 83, ulionyesha kwamba makosa ya ufundi ni sehemu kubwa ya sababu za kushindwa, na linaloongoza kati ya makosa hayo ni tundu la upande wa mfupa wa paja kukaa pabaya. Kwa wagonjwa wengi sababu zilikuwa zaidi ya moja. Ndiyo maana anayesema "ni mteremko" bila kuangalia matundu anakosea sawasawa na anayesema "ni tundu" bila kupima mteremko.

Umbo lina upande wake wa pili, ule unaoonekana ukimtazama mtu kwa mbele: matege. Mstari wa uzito unaotoka nyonga kwenda kifundo cha mguu unapaswa kupita karibu na katikati ya goti. Kwa mwenye matege unapita ndani zaidi, gegedu la upande wa ndani linasagika, na upande wa nje wa goti unafunguka. Frank Noyes, daktari wa Cincinnati nchini Marekani, aliyapanga magoti haya kwa ngazi tatu. Ya kwanza, mfupa umepinda na upande wa ndani umelika. Ya pili, ligamenti za upande wa nje nazo zimelegea. Ya tatu, zimelegea mpaka goti linarudi nyuma likinyooshwa. Mtu wa ngazi ya pili au ya tatu hahitaji mashine ili ajulikane. Mwambie avue viatu, apandishe suruali, atembee akienda na kurudi. Goti linaruka nje kila mguu unapokanyaga. Kupandikiza ACL ndani ya goti linaloruka hivyo ni kuharibu kano zuri, na katika hili sijaona mabishano ya maana. Kukata mfupa wa muundi ili kunyoosha matege ni kazi ya zamani, Mark Coventry wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani aliieleza mwaka 1965 kwa ajili ya magoti yaliyolika. Mwenye ACL iliyoshindwa, matege na goti linaloruka, anyooshwe mfupa. Nasonga mbele.

Ila kuna mtego ambao unanifanya nisimame tena kidogo. Njia inayopendwa ya kunyoosha matege ni kukata muundi kutokea upande wa ndani na kupanua pengo mpaka mguu unyooke. Mfupa huo, ukiutazama kutoka juu, umekaa pembetatu, na upande wake wa ndani umelala kwa mshazari. Daktari akilipanua pengo sawa mbele na nyuma, mguu utanyooka vizuri kwenye picha ya mbele, lakini mteremko utakuwa umeongezeka. Ili ubaki ulivyokuwa, pengo la mbele linatakiwa liwe karibu nusu ya lile la nyuma. Fikiria basi mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji na mteremko wa nyuzi 11, akatoka na miguu iliyonyooka na nyuzi 14. Matege yameondoka, kilima kimepanda, na ligamenti itakayofuata itakuta hali mbaya kuliko iliyotangulia. Njia ya kuondoa kabari upande wa nje huelekea kinyume, hupunguza mteremko, ingawa nayo ina usumbufu wake, mmojawapo ukiwa ukaribu wa mshipa wa fahamu unaozunguka mfupa mwembamba wa mguu.

Kwa nini basi haya hayaonekani mapema? Jibu langu ni la kawaida mno: kwa sababu kila mtu anaomba MRI. Mgonjwa aliyerarua ligamenti mara ya pili hufika na MRI mkononi, na kweli inaonyesha pandikizi lililokatika, meniska (gegedu la kati ya paja na muundi) iliyochanika, mfupa uliovimba. Lakini ni picha ya mtu aliyelala chali. Haiwezi kuonyesha mguu unavyobeba mwili. Kinachohitajika ni eksirei mbili zisizo na ufahari wowote: moja ndefu ya miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi kifundo, mtu akiwa amesimama, na moja ya ubavuni iliyochukua sehemu ya kutosha ya muundi, goti likiwa halijazungushwa, yaani vichwa viwili vya mfupa wa paja vikiwa vimelaliana kabisa. Picha ya ubavuni ikipinda hata kidogo, kipimo chake hakifai. Kwa mgonjwa wa kurudia huongezwa CT ya kupima upana wa matundu ya zamani. Sidhani kama kuna kisingizio cha kuacha eksirei hizo mbili.

Tukifika kwenye kisu, upasuaji wa kupunguza mteremko ukiuangalia karibu ni kazi ya fundi mwenye subira. Daktari anaingia mbele ya muundi, juu au chini ya kile kinundu ambacho kano la pia ya goti limejishikiza. Wengine hukiinua kinundu chenyewe. Anapitisha pini mbili nyembamba kutoka mbele kwenda nyuma, akizifuata kwa eksirei ya chumbani, pini hizo zikikutana karibu na ukuta wa nyuma wa mfupa. Kati yake ndipo kabari itakapotoka. Kwa makisio ya kawaida, milimita 1 ya kabari mbele ni karibu nyuzi 1 ya mteremko, hivyo anayetaka kushuka kutoka 14 hadi 5 anaondoa kipande chenye unene wa takriban milimita 9. Ukuta wa nyuma haukatwi. Unaachwa uwe bawaba. Kisha mguu unanyooshwa taratibu sana, pengo linafumba, na bamba au vibanio vya chuma vinalishika. Bawaba ikivunjika, mfupa unayumba. Msumeno ukiuvuka ukuta huo, nyuma yake kuna mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Kile kipande kilichotoka hakitupwi: kinasagwa na kujazwa kwenye matundu ya zamani ya ligamenti, ambako mfupa unahitajika. Hilo la mwisho linanifurahisha, maana tatizo moja linatoa dawa ya jingine.

Si kila goti linalokubali. Ukipunguza mteremko, goti linazidi kurudi nyuma mtu akilinyoosha. Kwa hiyo ambaye goti lake tayari linapinda nyuma zaidi ya nyuzi 10 hafai. Mwenye ligamenti mbovu ya msalaba ya nyuma hafai pia, kwa kuwa kinachoiokoa ligamenti ya mbele ndicho kinachoiumiza ya nyuma. Mvutaji sigara mfupa wake huchelewa kuunga. Halafu kuna vijana ambao sahani ya ukuaji, tabaka ambamo mfupa hurefukia, bado iko wazi: wao ndio ripoti ile ya 2018 iliwaonyesha katika hali mbaya kuliko wote, na ndio ambao msumeno haupaswi kuwagusa kwanza, maana sahani ya ukuaji ikijeruhiwa mbele, mfupa utaendelea kukua ukipinda. Anayehitaji zaidi ndiye anayekatazwa.

Ubishi wangu na wenye shauku uko kwenye ushahidi. Ripoti mbili zilizofungua njia, ya Bertrand Sonnery-Cottet mwaka 2014 na ya David Dejour mwaka 2015, zilikuwa na wagonjwa 5 na 9. Matokeo yalikuwa mazuri, na waliopasuliwa walikuwa watu wa kushindwa mara nyingi, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwao nakubali bila kusita. Lakini kutoka kwa wagonjwa 9 walioshindwa mara mbili mpaka kumkatia mfupa mtu aliyeshindwa mara moja, ni mruko. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanazungumzia kukata mfupa sambamba na ligamenti ya kwanza kabisa. Hapo sipo.

Nina sababu. Ya kwanza, ile nambari 12 inatajwa kana kwamba ni mpaka uliochorwa chini, lakini kipimo chenyewe hubadilika kwa nyuzi kadhaa kutegemea picha ni ndefu au fupi, umetumia mstari gani wa katikati ya mfupa, na umepima uso wa ndani au wa nje wa muundi, ambazo hazina ulazima wa kulingana. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na 11 asubuhi na 13 jioni bila mfupa wake kubadilika. Kwenye mteremko wa nyuzi 16 tofauti hiyo haina neno. Kwenye 12 ndiyo inayoamua kama mtu anakatwa mfupa au hakatwi.

Ya pili ni kwamba kuna jambo dogo lenye ushahidi mkubwa. Ule utafiti wa STABILITY, ulioongozwa kutoka Kanada na kuchapishwa mwaka 2020, uliwagawa kwa kura vijana 618 wa miaka 14 hadi 25: nusu wakapata ligamenti ya kano la nyuma ya paja peke yake, nusu wakaongezewa ukanda wa kuimarisha upande wa nje wa goti. Ndani ya miaka miwili mapandikizi yaliyokatika yalikuwa 11% kwa kundi la kwanza na 4% kwa la pili. Walikuwa wagonjwa wa mara ya kwanza, si wa kurudia, na hilo lisifichwe. Hata hivyo, mtu wa nyuzi 12 au 13 aliyeshindwa mara moja, ambaye tundu lake la zamani lilikaa vibaya na hakuongezewa ukanda huo, ana mambo mawili ya kurekebisha kabla hajafikiriwa msumeno. Meniska nayo ikaguliwe, hasa pembe ya nyuma ya ile ya ndani, kwa sababu inasaidia kuuzuia muundi. Ikiondolewa au ikiachwa imechanika, ligamenti mpya inafanya kazi ya wawili.

Kwa hiyo mpangilio wangu ungekuwa hivi. Aliyeshindwa mara mbili na ana nyuzi 12 zilizopimwa vizuri, kata. Aliyeshindwa mara moja akiwa na nyuzi 14 au 15, na matundu yake hayana kasoro, kata pia, maana hakuna kingine cha kulaumu. Aliye katikati aongezewe ukanda wa nje, meniska ishonwe, tundu lirekebishwe, na asiruhusiwe uwanjani kabla ya miezi 9. Watakaonipinga watasema nawasubirisha watu mpaka washindwe tena. Ni kweli kwamba baadhi yao watashindwa. Lakini mfupa ukikatwa bila sababu, hakuna upasuaji wa kurudisha asubuhi ile.

Limebaki swali la mfupa na ligamenti kufanywa siku moja au kutenganishwa. Siku moja ina mvuto: ganzi moja, mazoezi ya mzunguko mmoja, mgonjwa anapoteza msimu mmoja badala ya miwili. Lakini matundu ya zamani yakiwa yametanuka kupita milimita 12 hivi, lazima yajazwe mfupa na kusubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kutoboa upya. Ikiwa kusubiri kupo tu, sioni haja ya kubananisha kila kitu kwenye meza moja. Siku ya kwanza kabari itoke, matundu yajazwe. Wiki 6 za mwanzo uzito uwekwe kidogokidogo kwa magongo, fiziotherapia ianze mapema ili goti lisikakamae, CT ya baadaye ithibitishe kwamba mfupa umeunga.

Kutenganisha kuna faida nyingine ambayo mgonjwa ndiye anayeigundua. Baadhi yao, hasa waliovuka umri wa kucheza mashindano na waliokuwa na matege, wakishanyooshwa mfupa na misuli ya paja ikarudi, goti halichomoki tena katika kazi za kila siku. Wanapanda ngazi, wanageuka, wanakimbia polepole kwenye njia iliyonyooka. Daktari anapolivuta goti kwa mkono, muundi bado unakuja mbele, na kwa kipimo hicho peke yake mgonjwa anastahili ligamenti. Lakini mgonjwa anaweza kukataa, na kwa maoni yangu asishawishiwe. Atakayeshawishiwa ni yule wa miaka 20 anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kukata kona, ambaye bila ligamenti meniska yake haitadumu, hata mfupa ukiwa umenyooshwa vizuri kiasi gani.